Msemaji Asiyeambiwa

Watu wengi huamini kwamba kazi ya msemaji wa rais ni kusema uongo kwa ufasaha. Ukiifuatilia historia ya kazi hiyo pale White House, mahali ilipokulia mbele ya macho ya waandishi wenyewe, unakuta jambo jingine. Uongo mkubwa wa Ikulu ile umetoka mara nyingi vinywani mwa watu ambao hawakujua kuwa wanadanganya. Walipewa maneno, wakaambiwa nendeni mkaseme, wakaenda. Aliyejua ukweli alikuwa amekaa chumba cha pili akisubiri kusikia kama uongo umeaminika.

Kazi yenyewe si ya zamani. Kwa muda mrefu makatibu wa rais walihudumia waandishi katikati ya shughuli nyingine: barua, wageni, safari. Mwaka 1929 Herbert Hoover alimweka George Akerson ashughulike nao, na ndiye anayehesabiwa kuwa msemaji wa kwanza wa White House. Bosi wake hakumrahisishia kazi. Hoover alitaka maswali yaandikwe na kuletwa mapema. Aliyoyapenda aliyajibu, mengine hayakusikika tena. Uchumi ulipoporomoka na watu wakaanza kulala kwenye vibanda vya mabati na maboksi, rais aliyezoea kuchambua vikaratasi vya maswali alijikuta hana wa kumsemea mema magazetini.

Franklin Roosevelt aliyafuta hayo yote ndani ya siku nne tangu aapishwe. Tarehe 8 Machi 1933 waandishi zaidi ya mia moja walijazana ofisini kwake, wakaizunguka meza, naye ameshaketi. Akawapa masharti. Maneno yake yasinukuliwe kama yalivyo bila ruhusa ya maandishi. Zipo habari wangeweza kuzitumia bila kumtaja aliyezisema. Na zipo za masikio yao tu, zisizotoka mle ndani. Ndani ya masharti hayo, waulize watakavyo. Kikao kilipokwisha waandishi walipiga makofi. Waandishi wa habari, kumpigia makofi mwanasiasa! Hadi alipofariki Aprili 1945 alikuwa amekutana nao karibu mara elfu moja, kwa kawaida mara mbili kwa wiki.

Aliyeusimamia mtindo huo alikuwa Stephen Early, ripota wa zamani wa shirika la Associated Press. Early alijua saa gazeti linapokwenda mitamboni, alijua mhariri anataka nini saa kumi jioni, alijua ripota akikosa habari ataandika uvumi. Tangu siku zake marais wengi wamekuwa wakichukua wasemaji kutoka vyumba vya habari. Msemaji wa namna hiyo huja na sifa yake mkononi. Waandishi humwamini kwa sababu jana alikuwa mwenzao, na rais huitumia amana hiyo. Swali ni nani atailipa ikipotea.

Makofi yale yasitupumbaze, hata hivyo. Roosevelt alikuwa hawezi kutembea bila msaada tangu polio ilipompiga mwaka 1921, na karibu kila mwandishi aliyeingia ofisini mle alijua. Picha za kiti chake cha magurudumu hazikutoka. Mpiga picha aliyejaribu, walinzi walimzuia. Hapo msemaji hakumdanganya mwandishi hata mmoja. Aliyefichwa alikuwa msomaji, na waandishi walishiriki kumficha. Mlangoni nako Early alikuwa na ungo wake. Waandishi weusi hawakuruhusiwa, kwa maelezo kwamba vikao ni vya magazeti ya kila siku, ilhali magazeti ya Wamarekani weusi karibu yote yalitoka mara moja kwa wiki. Kwenye karatasi sharti hilo halikutaja rangi ya mtu. Lilidumu mpaka tarehe 8 Februari 1944, Harry McAlpin alipoingia akiwa mwandishi mweusi wa kwanza kuhudhuria kikao cha rais, na hata hapo chama cha waandishi wa White House chenyewe kilikataa kumpa uanachama. Wanaosimulia siku hizo kama zama za udugu kati ya Ikulu na wanahabari huwa hawafiki kwenye ukurasa huu.

James Hagerty, aliyekuwa ripota wa New York Times kabla ya kwenda kwa Dwight Eisenhower, alikaa kitini miaka yote minane, kuanzia 1953 hadi 1961. Baada yake hakuna aliyemfikia kwa kudumu, na wenye kazi hiyo bado humtaja kama fundi wao. Siku yake kubwa ilikuwa Septemba 1955, Eisenhower alipopata mshtuko wa moyo akiwa likizoni Denver. Hagerty hakuwepo. Asubuhi ya tarehe 24 msaidizi wake, kwa kufuata alichoambiwa, aliwatangazia waandishi kuwa rais amesumbuliwa na tumbo. Mchana ikabidi iwe moyo. Hagerty aliruka kwa ndege akafika, akashika usukani, na rais mwenyewe akataka lisifichwe lolote. Waandishi wakamwagiwa taarifa za madaktari kutwa mara kadhaa: mapigo ya moyo, alichokula, alivyolala. Daktari bingwa Paul Dudley White alifika mahali pa kuwaeleza wananchi kwamba mheshimiwa amepata choo kizuri. Nchi ilicheka kidogo na kutulia. Msemaji aliyejua kila kitu alikuwa amewashibisha waandishi hadi wakakosa pa kupenyeza uvumi.

Miaka mitano baadaye serikali ileile ilifanya kinyume. Tarehe 1 Mei 1960 ndege ya upelelezi ya U-2 ilitunguliwa ndani kabisa ya Umoja wa Kisovyeti. Shirika la ujasusi, CIA, lilikuwa na hadithi yake tayari: ilikuwa ndege ya utafiti wa hali ya hewa, rubani alilalamika kuhusu oksijeni, akapotea upande wa Uturuki. Tarehe 5 Nikita Khrushchev alitangaza kuwa wameangusha ndege ya Marekani. Kuhusu rubani hakusema kitu. Siku hiyohiyo wakala wa anga za juu, NASA, ulitoa taarifa ndefu yenye vipimo na maelezo ya kisayansi. Kesho yake msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, Lincoln White, akawahakikishia waandishi kwamba hapakuwa hata chembe ya nia ya kuingia anga ya Wasovyeti. Tarehe 7 Khrushchev akafunua chambo: rubani tunaye, mzima, jina lake Gary Powers. Waliosimama mbele ya waandishi Washington walikuwa wamesoma hadithi ya watu wengine, na sasa walikuwa na nyuso za kuoshwa. Mkutano wa wakuu uliopangwa Paris katikati ya mwezi ule ukavunjika.

Kutoka hapo somo lingeweza kuwa kwamba msemaji aambiwe. White House ilipata somo jingine: hadithi ya kificho iwe fupi, isiwe na vipimo.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba 1962. John Kennedy alikuwa Chicago kwenye kampeni za wabunge wa chama chake. Kwa siku nne alikuwa akijua kuwa Wasovyeti wanajenga vituo vya makombora ya nyuklia Cuba. Msemaji wake, Pierre Salinger, hakuwa na habari. Asubuhi hiyo Salinger aliagizwa awatangazie waandishi kuwa rais ana mafua na homa kidogo, ziara imevunjwa, anarudi Washington. Akatangaza. Makamu wa rais, Lyndon Johnson, alikuwa Hawaii, naye akarudi kwa sababu ya mafua. Ndani ya ndege Salinger, ambaye macho yake yalimwonyesha mtu asiyeumwa, alimuuliza rais kuna nini. Akajibiwa kwamba akifika Washington atajua, na akijua ajikaze.

Lakini waandishi wa Washington si wageni wa harufu. Kufikia Jumapili magazeti ya New York Times na Washington Post yalikuwa yameshaunganisha mengi, na Kennedy mwenyewe akalazimika kuwapigia simu wakuu wa magazeti hayo kuwaomba wasubiri. Wakasubiri. Jumatatu saa moja jioni alilihutubia taifa. Siku zile hakuna aliyemlaumu Salinger kwa mafua ya uongo. Kwa hatari iliyokuwapo, wengi hata leo wangesema angekuwa mwendawazimu kusema vingine. Kelele zilikuja Desemba, pale Arthur Sylvester, mkuu wa habari wa Wizara ya Ulinzi, alipowaambia waandishi waliomwalika New York kuwa serikali inayokabiliwa na maangamizi ya nyuklia ina haki ya kudanganya ili kujiokoa. Jambo lililosamehewa lilipotendwa liliwaudhi watu lilipotajwa kuwa haki.

Vita vya Vietnam vilikula imani iliyosalia. Johnson, sasa akiwa rais, alibadilisha wasemaji kama mtu anayebadilisha madereva, na kule Saigon maofisa wa jeshi walikuwa wakisoma hesabu za maadui waliouawa kila alasiri, kikao ambacho waandishi walikibatiza jina la mzaha: vituko vya saa kumi na moja. Waliokuwa wametoka vijijini asubuhi ileile kuona kwa macho walikaa pale wakitazamana.

Richard Nixon alipoingia 1969 hakuchukua mwandishi. Alichukua kijana wa matangazo ya biashara. Ron Ziegler alikuwa na miaka 29, msemaji mdogo kuliko wote waliomtangulia. Alipokuwa mwanafunzi alifanya kibarua Disneyland cha kuwaongoza watalii kwenye mashua ya msitu wa kuigiza, na waandishi hawakuchoka kumkumbusha. Ofisi yake ilipewa mwenzake mpya, idara ya mawasiliano, ambayo shabaha yake ilikuwa kuwaruka waandishi wa Washington na kupeleka ujumbe moja kwa moja kwa magazeti na redio za mikoani. Mwaka 1970 waandishi nao wakahamishwa kutoka ukumbi ambamo waliweza kumwona kila mgeni aingiaye, wakajengewa chumba juu ya bwawa la kuogelea alilochimbiwa Roosevelt kwa michango ya wananchi. Bwawa bado liko chini ya sakafu. Chumba kilikuwa kizuri kuliko kile cha zamani, na walipotoka mle ndani hawakumwona mgeni tena.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate. Siku mbili baadaye Ziegler alikataa hata kulizungumzia: wizi wa daraja la tatu, alisema, haustahili maoni ya White House. Kwa miezi kumi alisimama mbele ya waandishi akikanusha, akiishambulia Washington Post na vijana wake wawili, Bob Woodward na Carl Bernstein, kwa uandishi wa hovyo. Tarehe 17 Aprili 1973 Nixon akatangaza kuwa kumekuwa na mambo mapya makubwa katika uchunguzi. Ziegler akaja nyuma yake kufafanua. Waandishi wakamng'ang'ania: na yale uliyotuambia mwaka mzima? Hatimaye, baada ya R. W. Apple wa New York Times kumwekea neno mdomoni, akakubali kuwa kauli ya leo ndiyo inayotumika na zile za zamani hazitumiki tena.

Ukilitazama jibu hilo kwa karibu, ni kazi ya fundi. Hakusema zilikuwa za uongo, hakusema nani alizitunga, hakusema yeye alijua nini. Alizistaafisha tu, kama noti zilizoondolewa kwenye mzunguko. Tarehe 1 Mei, baada ya wasaidizi wawili wakubwa wa Nixon kujiuzulu, aliomba radhi hadharani kwa Post na kwa Woodward na Bernstein. Huo ulikuwa uungwana usiotarajiwa kutoka chumba kile.

Je, Ziegler alijua? Alikuwa karibu na Nixon, hasa mwishoni, lakini wale waliopanga kuficha walimpa kidogo kidogo, kiasi cha kumwezesha kusimama siku hiyo na si zaidi. Agosti 1973 kamera za televisheni zilinasa kilichobaki cha heshima yake. Nixon alikuwa anaingia ukumbini New Orleans kuhutubia maveterani. Waandishi walimfuata, na hasira zikampanda. Alimshika Ziegler mabegani, akamgeuza, akamsukuma kwa mikono miwili arudi kwa waandishi, awazuie huko. Rais anamsukuma msemaji wake mbele ya nchi nzima! Ziegler alijiweka sawa akaendelea na kazi, na Nixon alipojiuzulu mwaka uliofuata alikwenda naye California.

Gerald Ford, aliyerithi nchi iliyochoka tarehe 9 Agosti 1974, alihitaji mtu ambaye waandishi wangemwamini kabla hajafungua kinywa. Akampata Jerald terHorst, mkuu wa ofisi ya Detroit News pale Washington. Walifahamiana tangu 1948, terHorst akiwa ripota wa Grand Rapids na Ford akigombea ubunge kwa mara ya kwanza. Wiki za kwanza zilikuwa kama hewa baada ya mvua. Chumba cha habari kilicheka tena.

Kulikuwa na swali moja lisilokufa: Nixon atasamehewa? Mkutano wa kwanza wa Ford na waandishi, tarehe 28 Agosti, ulimezwa na swali hilo. TerHorst kila alipoulizwa alifanya anavyopaswa kufanya msemaji mwangalifu. Hakubuni. Alikwenda kwa mwanasheria wa rais, Philip Buchen, akauliza, akarudi na jibu kwamba halipo jambo hilo. Mwanasheria mwingine, Benton Becker, alipotumwa California kwa Nixon, waandishi walinusa, wakauliza tena. TerHorst akauliza tena. Akaambiwa safari inahusu nyaraka na kanda za Nixon. Nyaraka zilikuwamo kweli kwenye mazungumzo. Msamaha pia ulikuwamo, na huo hakuambiwa.

Aliambiwa Jumamosi ya tarehe 7 Septemba, siku moja kabla. Wenzake walianza kupanga jinsi ya kuitoa habari, wakimtegemea yeye aisimamie. Usiku ule aliandika barua. Asubuhi ya Jumapili, kabla Ford hajakaa mbele ya kamera, alimkabidhi. Alieleza kuwa dhamiri haimruhusu kuutetea msamaha kwa Nixon wakati vijana waliokataa kwenda Vietnam, nao kwa ajili ya dhamiri zao, hawajapewa huruma kama hiyo. Ford alimsihi afikirie upya. Saa tano na dakika tano Nixon alikuwa amesamehewa, na kabla siku haijaisha nchi ilijua kuwa msemaji ameondoka. Alikuwa amekaa kazini mwezi mmoja.

Watu wamebishana tangu hapo kama alijiuzulu kwa sababu ya msamaha au kwa sababu ya kudanganywa. Barua yake inataja msamaha. Mimi naona mambo mawili hayo hayatengani. Angeweza kuupinga uamuzi moyoni na bado kuusoma kwa sauti; wasemaji hufanya hivyo kila wiki. Ila wiki ile angesimama mbele ya watu aliofanya nao kazi miaka mingi, watu waliokuwa na kauli zake kwenye madaftari yao, na asingekuwa na lingine la kuwaambia ila kwamba aliuliza akadanganywa. Na siku nyingine akija na kauli wangemwuliza, leo je? Alirudi Detroit News kuandika safu. Wakosoaji wa msamaha walimfanya shujaa, watu wa Ford wakamwona msaliti, na Ford akashindwa uchaguzi wa 1976.

Mwaka huohuo wa 1974, huku kwetu, Benjamin Mkapa alitoka kwenye kiti cha uhariri wa Daily News, Dar es Salaam, akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere. Daily News lilikuwa gazeti la serikali, na mhariri wake mkuu kwa cheo alikuwa Nyerere mwenyewe. TerHorst alivuka kutoka upande wa waulizaji kwenda wa waulizwaji. Mkapa alihama chumba katika nyumba ya mwenye nyumba yuleyule. Miaka 21 baadaye nyumba ikawa yake.

Jimmy Carter alimchagua msemaji ambaye hakuna aliyethubutu kumwacha nje. Jody Powell alikuwa kijana wa Georgia aliyemwendesha Carter kwa gari kwenye kampeni za ugavana za 1970. Aliingia kwenye mikutano, aliongea kwa niaba ya rais na waandishi walijua kuwa ni rais anayeongea. Kwa mantiki ya walioumizwa na kisa cha terHorst, huyu ndiye aliyepaswa kuimaliza hadithi. Aprili 1980, wakati Wamarekani zaidi ya hamsini wakishikiliwa Tehran, Jack Nelson wa Los Angeles Times alimfuata na swali: mnapanga kwenda kuwaokoa kijeshi? Powell alijua kwamba ndiyo, na kwamba ni suala la siku mbili. Akakana, tena akampa Nelson sababu za kwa nini operesheni ya namna hiyo isingewezekana. Nelson akaandika. Usiku wa tarehe 24 helikopta nane ziliruka kuelekea jangwa la Iran; zilizofika zikiwa nzima hazikutosha, operesheni ikavunjwa, na wakati wa kuondoka helikopta ikagongana na ndege ya mizigo. Wanajeshi wanane walikufa.

Powell hakujificha nyuma ya kutojua. Katika kitabu alichotoa 1984 aliisimulia mwenyewe, akatetea kwamba kuna nyakati serikali ina haki ya kudanganya, hata wajibu. Waandishi wengi walimwelewa, pamoja na aliyedanganywa. Nafikiri ni kwa sababu alikuwa mtu mzima aliyechagua uongo na kuubeba kwa jina lake.

Larry Speakes hakupewa nafasi ya kuchagua. Alikishika kiti kwa msiba: tarehe 30 Machi 1981 risasi zilizomlenga Ronald Reagan zilimpata msemaji wake James Brady kichwani. Brady alipona akiwa mlemavu, akaachiwa cheo hadi Reagan alipoondoka, na Speakes akafanya kazi yote akiitwa naibu. Mezani kwake aliweka kibao: ninyi hamtufundishi kupanga habari, nasi hatuwafundishi kuziandika. Kupanga kulifanyika kweli. Chini ya Michael Deaver wakubwa walikutana kila asubuhi kuamua ujumbe wa siku, kisha rais akapelekwa mahali ambapo kamera zingeuona, akiwa na bendera nyuma yake na muda mfupi usioruhusu maswali mengi.

Tarehe 24 Oktoba 1983, Bill Plante wa CBS alipata fununu kuwa majeshi ya Marekani yatashuka Grenada alfajiri. Kwenye kisiwa hicho cha Karibi waziri mkuu Maurice Bishop alikuwa ameuawa siku tano nyuma. Plante akampelekea Speakes swali. Speakes akafanya kama terHorst, akauliza. Swali lilifika kwa John Poindexter wa Baraza la Usalama wa Taifa, na jibu likarudi: upuuzi mtupu, likanusheni kwa nguvu. Speakes akalikanusha kwa neno hilohilo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii haikufika hata jogoo la pili. Kulipokucha, makomando na wanamaji walikuwa ufukweni Grenada. Speakes aliambiwa asubuhi, muda mfupi kabla ya kutakiwa kuitangaza.

Kwa maelezo yake mwenyewe alifura kwa hasira. Hakuondoka. Aliyeondoka alikuwa naibu wake wa masuala ya nje, Les Janka, kwa sababu hiyo hiyo. Waandishi nao walizuiwa kukanyaga kisiwa siku mbili za mwanzo, na waliojaribu kufika kwa mashua walirudishwa. Zogo lililofuata lilizaa utaratibu wa kikundi cha waandishi wanaokwenda na jeshi tangu mwanzo.

Kuna jambo katika kisa cha Speakes ambalo simwachii. Mwaka 1988, akiwa ameshaacha Ikulu na kupata kazi nono Wall Street, alichapisha kumbukumbu zake na kukiri kuwa Novemba 1985 kule Geneva, Reagan alipokutana na Mikhail Gorbachev, alitunga maneno mazuri akawapa waandishi kama nukuu za rais. Reagan hakuyasema. Speakes aliona Gorbachev anang'ara kwenye vyombo vya habari na bosi wake amepooza, akamtengenezea ulimi. Aliyelalamika kuwa serikali ilitumia kinywa chake bila yeye kujua alikuwa ametumia kinywa cha rais bila rais kujua. Kitabu kikamgharimu kazi yake mpya.

Miaka kumi baadaye wasemaji walikuwa wamejifunza kutumia giza kama ngao. Mike McCurry, msemaji wa Bill Clinton, ndiye aliyeruhusu mwaka 1995 kikao cha kila siku kirushwe na televisheni kikiwa kizima, uamuzi ambao baadaye aliujutia waziwazi, kwa maana waandishi walianza kuuliza kwa ajili ya kamera na msemaji kujibu kwa ajili ya kamera. Januari 1998 habari ya Clinton na Monica Lewinsky ilipolipuka, kila mtu alitaka McCurry amwulize Clinton. Hakumwuliza. Alijua kuwa atakachoambiwa kinaweza kumfikisha mbele ya waendesha mashtaka akiapa, na alijua kuwa asilolijua hawezi kulidanganyia. Siku baada ya siku alisimama akisoma alichopewa na wanasheria na kukataa kuongeza nukta. Aliondoka mwaka huo akiwa na heshima yake. TerHorst aliuliza akaungua. Huyu alisalimika kwa kutouliza.

Scott McClellan aliuliza. Oktoba 2003 waandishi walitaka kujua nani ndani ya serikali ya George W. Bush alivujisha kuwa Valerie Plame ni mtumishi wa CIA. McClellan aliwaendea wakubwa wawili, Karl Rove na Lewis Libby, wakamhakikishia hawahusiki. Akasimama kwenye jukwaa akawasafisha kwa majina. Julai 2005 ikajulikana kuwa Rove alizungumza na mwandishi kuhusu mwanamke huyo, na kikao cha tarehe 11 mwezi huo kikawa cha mateso. Waandishi walimsomea maneno yake mwenyewe, wakauliza kama bado anayasimamia, na kila mara alijibu kuwa hawezi kuzungumzia uchunguzi unaoendelea. Libby alipatikana na hatia ya kusema uongo mahakamani mwaka 2007. Mwaka 2008 McClellan akaandika kitabu akisema alipitisha uongo bila kujua, na kwamba watu watano wa juu, rais akiwemo, walihusika kumfikisha hapo.

Kilichofuata miaka ya Donald Trump hakiingii katika mstari huu. Tarehe 21 Januari 2017 Sean Spicer alisimama na kudai kuwa umati wa kuapishwa kwa bosi wake ulikuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kuonekana, akaondoka bila kuchukua swali. Hapakuwa na siri aliyofichwa. Picha zilikuwa mbele ya kila mtu. Stephanie Grisham, aliyeshika kazi kuanzia Julai 2019 hadi Aprili 2020, hakufanya kikao rasmi na waandishi hata kimoja. Rais alikuwa na simu yake, akijisemea. Msemaji anapokuwa hahitajiki kuaminiwa, kumficha jambo hakumgharimu mtu kitu, na mvutano umehamia mlangoni. Februari 2025 waandishi wa Associated Press walianza kuzuiwa ofisini kwa rais kwa sababu shirika lao liliendelea kuiita Ghuba ya Mexico kwa jina hilo, ambalo Trump alikuwa amelibadilisha. Wiki mbili baadaye msemaji Karoline Leavitt akatangaza kuwa ni ofisi yake, wala si chama cha waandishi, itakayochagua nani awe katika kikundi kidogo kinachomfuata rais ofisini na ndegeni. AP walikwenda mahakamani. Aprili jaji wa Washington akawapa haki. Juni mahakama ya rufaa ikasimamisha sehemu kubwa ya amri yake, na ofisi ya msemaji ikaendelea kuandaa orodha.